Nilivyopiga Haro Shamba la Mama Mkwe Bila Kualikwa

Leo nimeadhirika mbele ya mama mkwe. Mchana kweupe. Na kaptula sikuwa nayo.

Nawaandikia nyie wenzangu tuliojifunza udereva pamoja Bukoba, tena jioni hii hii, kwa sababu utingo wa basi alikuwa huku kwetu Ihembe leo na mdomo wa yule mnaujua. Kabla hajawafikishia ya kwake, someni ya kwangu. Na kabla hamjaanza kunionea huruma, jueni kwamba nimeshinda. Nimeshinda vibaya sana!

Tajiri wangu ni Bwana Kaijage, Mhaya wa Muleba mwenye duka pale Omurushaka. Alianza kununua trekta na plau, kisha juzijuzi akaongeza haro. Kwa wale waliosinzia siku ya somo (Laurenti, nakusema wewe), plau hupindua ardhi, haro huja baadaye kuvunja mabonge. Ni safu za sahani za chuma zenye makali, za mbele na za nyuma, zinakokotwa na trekta. Ikipita vizuri, ardhi inabaki laini, tayari kwa mbegu.

Tatizo ni kwamba hakuna mtu Ihembe aliyeitaka. Plau lilikuwa limetutangulia kwa sifa mbaya. Lilipita kwenye shamba la baba mkwe wangu likaacha mabonge ya kukalia, na kina mama wakayazunguka wakicheka. Huku ulezi ni kazi ya kina mama, na ulezi ni mbegu ndogo, haioti juu ya bonge. Aliyecheka kuliko wote ni mama mkwe wangu. Yule mama akisema neno kuhusu ulezi, wenzake wanalipokea kama limetoka madhabahuni. Alisema, "Chuma kimelima matofali, sasa wanataka kuleta chuma kingine. Shamba langu kisikanyage."

Basi. Neno likapita nyumba kwa nyumba, na haro ikakaa nyuma ya duka, kuku wanatagia humo.

Bwana Kaijage akaniita. "Fabiani, kesho jioni nakuja Ihembe. Nikikuta hakuna hata mtu mmoja anayeitaka haro, trekta linakwenda Kibingo kwa mdogo wangu. Kule watu wanaliulizia."

"Na mimi, mzee?"

"Kule ana dereva wake. Lakini wewe mgongo bado mzima, na magunia ya kahawa yapo."

Mimi! Dereva pekee wa trekta Ihembe nzima, mtu anayepigiwa makofi na watoto barabarani, nirudi kubeba magunia! Usiku huo sikula. (Nilikula kidogo.)

Aliyeniokoa ni baba mkwe, Mzee Bitegeko. Alisema mabonge yale yako kwake tayari, hayawezi kuwa mabaya zaidi, nikajaribie hapo. Shamba lenyewe ni kipande kidogo huko rweya, kwenye nyasi nje ya migomba. Ukianza tu kwenda umeshafika. Upande wa juu linapakana na kipande cha mama mkwe, ambacho alikuwa amekilima kwa jembe la mkono, bado kina mabonge madogo madogo. Mpaka kati yao ni mstari wa emiramura, ile miti ya majani marefu tunayopanda kwenye mipaka yote.

Sasa, kwa wale wa pwani mliomo humo, niwaeleze jambo moja. Kwetu mume hamtazami mama mkwe wake usoni, wala hasemi naye. Mkikutana njiani, wewe unaingia migombani upande huu, yeye anaingia upande ule, kila mmoja anageuza uso mpaka mwenzake apite. Ni heshima. Mimi na Adela, mke wangu, tuna watoto wawili sasa, na mama yake sijawahi kumwona zaidi ya kisigino. Kisigino nakijua vizuri.

Asubuhi nilivaa kaptula yangu ya kaki iliyopigwa pasi, na kofia pana. Watu walijaa. Mzee Bitegeko alisimama mbele akiwa ameegemea fimbo, kina mama walijipanga pembeni, na utingo yule alisimamisha basi zima, eti injini ipoe.

Nikaanza. Nikaenda mpaka mwisho wa shamba, nikageuka kwa madaha, nikaangalia nyuma. Mabonge yapo vilevile. Haro ilikuwa imechora mistari tu.

"Mkwe wangu," akasema Mzee Bitegeko, "umelichana nywele shamba langu."

Kina mama wakaanguka kwa vicheko. Jasho likanitoka. Nikakumbuka: sahani zikikaa sambamba zinabingirika tu, lazima zikae mshazari ndipo zing'ate. Haro yetu ina kamba inayofika mpaka kitini. Unaivuta, unasogeza trekta mbele kidogo, safu zinajipinda zenyewe. Nikavuta kamba. Nikasogea. Zikajipinda! Nikaomba mawe, vijana wakapakia mawe juu ya fremu ili izame. Kisha nikarudi kitini, nikamwomba Bikira Maria, nikatia gia.

Ndugu zangu! Mabonge yalivunjika kama ugali wa jana. Sahani za mbele zilitupa udongo nje, za nyuma zikaurudisha ndani, na nyuma yangu palibaki pamelainika. Vicheko vilikatika. Nikamwona mama mmoja akiinama kugusa. Nikaanza kuona magunia ya kahawa yakiniaga.

Hapo ndipo kikapu kikatokea.

Kilikuwa kikapu cha mbegu, juu ya kitambaa cha kichwa cha rangi ya zambarau, kinakuja kwenye kijia cha upande wa juu. Kitambaa kile nimekinunua mimi mwenyewe, Krismasi. Mama mkwe! Adela alikuwa amemwambia nitakuwa nimemaliza, naye alikuja kupanda ulezi wake.

Mngefanya nini? Kwa miguu ningeingia migombani. Juu ya trekta unaingia wapi? Kuzima injini ilikuwa haiwezekani, kwa sababu trekta lile likizimika linataka kupigwa hendeli mpaka mabega yalegee, na watu wangesema limekufa. Nikageuza uso. Naye, mama wa heshima zake, akajificha nyuma ya mti wa mpakani. Vizuri.

Ila shamba lilikuwa dogo. Nikafika mwisho, nikageuka, na pua ya trekta ikawa imemwelekea. Nikageuza uso upande wa pili. Yeye akaona hapo hapafai, akainuka akakimbilia upande wa chini, kwenye kichuguu. Mimi kwa kutazama pembeni sikumwona akihama. Nikageuka tena mwisho wa shamba. Huyo hapo, uso kwa uso, nyuma ya kichuguu kisichomfikia kiunoni! Akajifunika kikapu. Nikafumba macho. Nikageuka. Akakimbia tena juu.

Tulizunguka hivyo mizunguko mingi, jamani. Kila ninapomkwepa namkuta. Kila anapojificha natokea, naunguruma, mtu na sahani zake. Kama kuna kijana Ihembe aliyemfukuza mama mkwe wake shambani kwa trekta kabla yangu, anijibu tufarijiane.

Mwishoni nikapata akili. (Nasema akili kwa sababu wakati ule niliiona ni akili.) Nikashusha kofia mpaka kwenye nyusi. Nikawa naona gurudumu la mbele tu na udongo ulio chini yake. Nilijiambia nitalifuata gurudumu, heshima itabaki, kazi itaendelea.

Kazi iliendelea. Ilichosahaulika ni mwisho wa shamba.

Nikasikia kelele nyuma yangu, makelele ya watu wengi. Nikadhani wananishangilia. Nikapunga mkono! Kelele zikazidi. Nikapunga tena, mikono yote miwili. Baadaye nimeambiwa Mzee Bitegeko alikuwa anarusha fimbo yake hewani na kupiga yowe, "Kata! Kata kona!"

Nikahisi trekta limeruka kidogo. Ilikuwa emiramura. Nikaona majani marefu yakipita chini ya gurudumu, nikajiuliza hii miti imefika lini shambani. Nilishaingia kwa mama mkwe. Nikalivuka shamba lake lote, lile alilosema chuma kisikanyage, nikiwa nimezama kofiani, nimetulia, naimba wimbo wa kanisani.

Ng'ambo ya shamba lake, penye migomba ya kwanza, mama mkwe alikuwa na shimo. Mnajua mashimo yetu ya kuivishia ndizi za rubisi, pombe yetu. Unachimba, unatandika majani, unajaza ndizi, unafunika. Lilikuwa limeiva barabara. Magurudumu ya mbele yakaingia humo. Trekta likapiga chafya, likazimika. Mimi sikuzimika. Niliendelea.

Niliruka juu ya usukani, na kaptula ikanaswa na mpini wa gia. Mpini ulishinda. Nilipotua nilikuwa kifudifudi ndani ya shimo, ndizi mbivu mpaka masikioni, shati likiwa limeishia kiunoni, na sehemu iliyobaki ya mwili wangu ikiwa imeelekezwa mbinguni.

Nikatema ndizi.

Nikainua kichwa. Nyuma ya mgomba wa kwanza, mkono wangu ungemgusa, alikuwa amechuchumaa mama mkwe wangu. Safari hii hakuwa na kikapu cha kujifunika. Na mimi kofia ilikuwa imebaki njiani. Tukatazamana. Ana macho kama ya Adela, kumbe.

"Mawe!" akasema (ndiyo "mama wee" ya kwetu), akageuza uso kwenye mgomba.

Nikafumba macho yangu nikavuta jani la mgomba nikajifunika nyuma. Sikujua nifanye nini tena. Nikasema kutoka shimoni, "Shikamoo mama." (Kwa nini? Sijui! Ulimi uliona umekosa kazi.)

Watu walishafika wote. Adela akaja mbio, akasimama kati yetu. Mama yake akazungumza akiuangalia mgomba.

"Adela, mwambie mume wako avae."

"Mama anasema uvae."

"Mwambie mama kaptula iko juu ya trekta."

"Mama, anasema kaptula iko..."

"Nimesikia! Mimi si kiziwi."

Utingo alikuwa amelala chini anapiga ardhi kwa kiganja. Kina mama walishikana mabega. Mzee Bitegeko, mtu mzima na heshima zake, alikuwa amegeuka upande wa pili na mgongo wake unatetemeka. Kaptula ilishushwa. Ilikuwa imekuwa vitambaa viwili. Adela akafungua kanga yake ya juu akanirushia shimoni, nikaifunga kiunoni, nikakaa humohumo juu ya ndizi. Nilijua yameisha. Nimebomoa mpaka, nimeharibu rubisi, nimekanyaga shamba lililokatazwa, na nimevunja heshima ambayo mababu hawakuwahi kuivunja. Nilikuwa nawaza gunia la kahawa lina uzito gani.

Kisha nikasikia hatua zikienda shambani. Nikafumbua jicho moja. Mama mkwe alikuwa anatazama alama niliyoacha. Katikati ya shamba lake palipita ukanda mrefu, mweusi, laini, na pembeni yake mabonge yake mwenyewe aliyoyatoa jasho. Akapiga goti. Akachota udongo. Akauacha upite kati ya vidole, ukapita wote. Akachota tena sehemu nyingine. Watu wakaacha kucheka, mmoja mmoja.

"Adela, muulize mume wako. Hapa nililima kwa jembe. Nani ameponda?"

"Mama anauliza nani..."

"Mwambie mama ni haro," nikajibu kutoka shimoni, sauti imepanda yenyewe. "Mwambie sahani za mbele zinatoa udongo nje, za nyuma zinaurudisha ndani. Mwambie plau peke yake ni nusu ya kazi. Mwambie hapo ulezi utaota kama nywele!"

"Mama, anasema..."

"Muulize, anaweza kurudia akiwa anaangalia mbele?"

Nikameza mate na ndizi.

"Mwambie mama sitaweza. Nikiangalia mbele nitamwona."

Mama mkwe akafikiri. Akafuta mikono. Kisha akasema, na sasa alisema kwa sauti ya watu wote, "Kwenye hilo dude juu hakuna ukwe. Akiwa juu ni dereva. Akishuka ni mkwe. Apande."

Wazee wakatazamana. Mzee Bitegeko akakohoa. Hakuna aliyebisha. Nani angebisha?

Vijana wakakata vigogo vya migomba, wakavitupia chini ya magurudumu, wakasukuma trekta likatoka. Nikapiga hendeli nikiwa na kanga ya maua kiunoni. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, moshi. Mara ya tatu likawaka, na watu wakapiga vigelegele, safari hii vya kweli. Nikapanda. Nikaangalia mbele.

"Wewe dereva!" Mama mkwe, moja kwa moja, macho kwa macho! "Anzia hapa pembeni. Usiache kipande hata kimoja."

"Ndiyo mama!"

"Taratibu. Hapo umepita mbio."

"Samahani mama!"

Alitembea mbele yangu akinionyesha kwa kidole. Miaka yote hiyo hatujasemezana, kumbe alikuwa ameyaweka akiba. Aliniambia nyumba yangu inavuja. Aliniambia mtoto wa pili anafanana naye. Kisha nyasi zikanasa kwenye sahani, nikalazimika kushuka kuzitoa. Alikuwa katikati ya neno. "Na huyo mbuzi wenu ana..." Mguu wangu ukagusa ardhi, akageuka, akajifunika kitambaa. Nikatoa nyasi nikiwa nimeinamisha uso. Nikapanda. Nikakaa.

"...ana mimba, mlegezeeni kamba," akamalizia.

Haikuishia hapo. Nilishuka kuongeza mawe, akajificha. Nikapanda, akaniuliza kwa nini nimekonda. Nikashuka kukaza bolti, akajificha. Kina mama walikuwa wanalia machozi, lakini sasa wanatembea nyuma ya haro, wanachota udongo, wanaonyeshana. Mama mkwe mwenyewe akachukua kikapu chake akaanza kumwaga ulezi nyuma yangu kabla sijamaliza. Huko mpakani Mzee Bitegeko alikuwa anachomeka upya vijiti vya omuramura, kwa bahati nzuri huo mti ukiuchomeka tu unaota. Kwa bahati mbaya alianza kuvichomeka hatua moja ndani ya shamba la mkewe. Mkewe akamwona.

"Bitegeko! Mpaka haukuwa hapo."

"Trekta limenichanganya," akasema mzee, akarudi hatua moja.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka Bwana Kaijage alipofika kwa baiskeli, amekunja uso wa kuja kuchukua mali yake. Akaona trekta liko kwenye shamba lisilo la makubaliano. Akamwona dereva wake.

"Fabiani! Umeolewa?"

Sikupata nafasi ya kujibu. Mama mkwe alimfuata (yeye hana ukwe naye, alisema naye akimtazama usoni).

"Wewe ndiye mwenye trekta?"

"Ndiyo, waitu," akajibu kwa heshima ya Kihaya.

"Linakwenda wapi?"

"Kibingo. Niliambiwa huku hamlitaki."

"Nani alikuambia?"

Bwana Kaijage akatazama kina mama wote. Kina mama wote wakatazama udongo. Hakuna aliyekumbuka kuwahi kusema.

"Hili halitoki Ihembe," akasema mama mkwe. "Kibingo wasubiri. Na huyu dereva asibadilishwe, nimeshamfundisha."

Bwana Kaijage akavua kofia. Yule mtu ambaye havui kofia hata mbele ya Bwana Shamba, akaivua! Akaja karibu na trekta, akaninong'oneza, "Fabiani, umewafanyaje?" Nikamwambia ni kazi ya kitaalamu, ngumu kueleza. Nikaiweka kanga sawa.

Kwa hiyo niko hapa nyumbani, nimeoga mara mbili na bado nanuka ndizi, Adela anacheka kila akinitazama halafu anajidai anakohoa. Trekta limelala uani kwangu. Kina mama wamejipanga, na zamu za kwanza amezigawa mama mkwe mwenyewe. Kesho asubuhi naanza kwa dada zake, nyumba hadi nyumba, mpaka wote waishe.

Na kwa desturi yetu, ndugu zangu, hao wote nao ni mama wakwe zangu. Atakayecheka, simjui.